Kituo cha Kilindini cha kufumbua misimbo

Kituo cha Kilindini kilikuwa kituo cha siri cha Jeshi la Majini la Uingereza kilichofanya kazi mjini Mombasa, Kenya, kati ya mwaka 1942 na 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kazi yake ilikuwa kunasa mawasiliano ya redio ya Wajapani katika Bahari ya Hindi na kuifumbua misimbo iliyotumika kuyaficha. Kiliwekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, ambayo hadi leo ni shule ya sekondari. Mafanikio yake makubwa ni kufumbuliwa kwa msimbo wa meli za biashara za Japani, uliojulikana kwa jina la JN-40.

Habari za kufumbua misimbo ya vita kwa kawaida huanzia na kuishia kwenye mashine ya Enigma ya Wajerumani na jumba la Bletchley Park huko Uingereza. Sehemu iliyofanyika Mombasa husimuliwa kwa nadra, hata katika vitabu vya historia vinavyosomwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki.

Jina na mahali

Kilindini ni bandari ya kina kirefu upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa. Jina lenyewe linaeleza: kilindi ni mahali pa bahari penye maji mengi, na ndiyo sababu meli kubwa huweza kutia nanga hapo, wakati bandari ya kale ya Mombasa ilifaa majahazi tu. Kituo kiliitwa kwa jina la bandari ingawa hakikuwa gatini. Shule iliyochukuliwa inatazama bahari upande mwingine wa kisiwa.

Shule hiyo ilijengwa miaka ya 1920 kwa kumbukumbu ya Allidina Visram (1851–1916), mfanyabiashara Mwismaili aliyezaliwa Kutch, India. Alifika pwani yetu akiwa kijana mdogo, akaanza kazi Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji Paroo, kisha akafungua maduka kando ya njia za misafara na za reli hadi Uganda. Wakati wa vita wanamaji walilichukua jengo, na madarasa yakajaa meza za karatasi za namba.

Jinsi kituo kilivyofika Mombasa

Kituo kilikuwa tawi la ofisi ya Waingereza ya Mashariki ya Mbali, iliyojulikana kwa kifupi kama FECB. Ofisi hiyo ilianzishwa Hong Kong mwaka 1935. Vita vilipokaribia, mwaka 1939, ikahamishiwa Singapore. Wajapani walipoishambulia Malaya mwezi Desemba 1941, wafumbuzi walihama tena mapema Januari 1942 hadi Colombo, Ceylon (leo Sri Lanka). Singapore ilianguka tarehe 15 Februari.

Colombo nako hakukukalika. Mwishoni mwa Machi wafumbuzi walisoma katika mawasiliano ya Wajapani dalili kwamba kundi la manowari za kubeba ndege linakuja Ceylon. Amiri Somerville alizipeleka meli zake baharini kulisubiri. Siku iliyotazamiwa ikapita bila adui kuonekana, na meli zikaenda kujaza mafuta Addu katika visiwa vya Maldivi. Wajapani wakafika baada yake: tarehe 5 Aprili 1942, Jumapili ya Pasaka, ndege za Amiri Nagumo zilishambulia Colombo na kuzizamisha manowari Cornwall na Dorsetshire zilizokuwa baharini. Tarehe 9 zilishambulia Trincomalee, na manowari ya kubeba ndege Hermes ikazamishwa. Kwa hiyo habari ya wafumbuzi ilikuwa ya kweli ila tarehe haikuwa sahihi, na katika vita kosa la siku chache ni kosa la maisha ya watu wengi.

Baada ya hapo manowari za zamani za Waingereza ziliondolewa kwenda Kilindini, na wafumbuzi wakazifuata, pamoja na askari wanawake wa jeshi la majini waliofanya kazi ya kupanga na kuhesabu namba. Kwa muda mfupi Mombasa ikawa makao ya ulinzi wa bahari yote kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Ghuba ya Bengali.

Hatari ilikuwa karibu kuliko wakazi wa pwani walivyoambiwa. Waingereza waliingia Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, tarehe 5 Mei 1942, wakihofia kwamba Wajapani wangeweza kuweka kituo cha nyambizi hapo. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia katika bandari hiyohiyo na kuijeruhi manowari Ramillies. Mwezi Juni na Julai nyambizi kubwa zilizamisha meli nyingi za mizigo katika Mlango wa Msumbiji. Mwezi Septemba brigedi ya askari wa Afrika Mashariki ilishuka Majunga kuiteka sehemu iliyobaki ya kisiwa.

Msimbo wa vitabu na msimbo wa mashine

Kabla ya kueleza kilichofanyika Kilindini ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo wanafunzi huyachanganya.

Wajerumani walitumia mashine. Enigma ilifanana na taipu. Mwandishi akibonyeza herufi, umeme ulipita katika magurudumu yenye nyaya na kuwasha taa ya herufi nyingine, na baada ya kila herufi gurudumu lilizunguka hatua moja, hivyo herufi ileile ikibonyezwa tena ilitoa jibu jingine. Wa kwanza kuifumbua walikuwa wanahisabati watatu wa Poland, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, kuanzia Desemba 1932. Mwezi Julai 1939, nchi yao ikiwa karibu kuvamiwa, waliwapa Waingereza na Wafaransa ujuzi wao wote. Alan Turing na Gordon Welchman wa Bletchley Park waliuendeleza kwa kutengeneza mashine kubwa za kutafuta ufunguo wa siku, na ya kwanza ilianza kazi mwaka 1940. Walisaidiwa na udhaifu mmoja wa Enigma: herufi haikuweza kamwe kugeuka kuwa yenyewe. Mfumbuzi aliyekisia kwamba ujumbe una neno fulani aliliweka chini ya maandishi ya siri, na popote herufi mbili zilipolingana alijua neno haliko hapo.

(Wasomaji wa Arusha wana sababu ya kuikumbuka Poland. Kuanzia mwaka 1942 Wapoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti, waliishi katika kambi ya wakimbizi ya Tengeru chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yapo hadi leo. Kazi ya wenzao watatu ilikuwa siri, na watu wa Tengeru hawangeweza kuijua.)

Wajapani nao walikuwa na mashine. Ile ya mabalozi wao, ambayo Wamarekani waliiita Purple, ilitumia swichi za simu badala ya magurudumu, na kikundi cha William Friedman kiliifumbua mwaka 1940. Lakini wanamaji wa Japani, ambao ndio waliosumbua Bahari ya Hindi, walitegemea zaidi vitabu na hesabu za mkono. Ndiyo maana kazi kubwa ya Mombasa ilikuwa ya penseli, karatasi na subira.

JN-25: kujumlisha bila kubeba

Msimbo mkuu wa wanamaji wa Japani uliitwa na adui zao JN-25. Ulikuwa na tabaka mbili. Kwanza, kitabu kilichotoa namba ya tarakimu tano kwa kila neno au fungu la maneno. Pili, kitabu kingine kilichojaa namba za nyongeza. Mwandishi alichagua ukurasa na mstari wa kuanzia, akajumlisha nyongeza kwenye kila namba ya neno, na jumla ndiyo iliyopelekwa hewani kwa alama za Morse. Kujumlisha huko hakukuwa na kubeba: 7 na 8 ni 5, basi, na ile kumi inatupwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme "meli" ni 31542 na nyongeza ni 48077. Tarakimu kwa tarakimu tunapata 79519. Anayepokea, mwenye vitabu vyote viwili, anatoa 48077 bila kukopa na kurudi kwenye 31542. Asiye na vitabu anaona 79519 tu. "Meli" ikitajwa tena katika mstari unaofuata itapata nyongeza nyingine na kuonekana namba tofauti kabisa.

Mlango wa kuingilia ulikuwa huu. Vitabu vya nyongeza vilikuwa na kurasa zenye mwisho, na waandishi walikuwa wengi. Mapema au baadaye wawili walitumia nyongeza ileile. Tuseme mwingine aliandika "bandari", yaani 60273, kwa 48077 ileile, akapata 08240. Mfumbuzi akitoa 08240 katika 79519 anapata 71379. Sasa jaribu kutoa 60273 katika 31542 bila kukopa: jibu ni 71379 vilevile. Nyongeza imejifuta yenyewe! Tofauti kati ya namba mbili za siri ni sawa na tofauti kati ya maneno mawili halisi. Mfumbuzi mwenye orodha ya maneno yanayotumika mara kwa mara aliweza kutafuta ni jozi ipi hutoa tofauti hiyo, na akishajua maneno, amejua pia nyongeza, ambayo itamfungulia jumbe nyingine.

Wajapani wenyewe walimwongezea msaada bila kukusudia. Ili makosa ya kupokea yagundulike, namba zote za kitabu chao ziligawanyika kwa 3. Katika mfano wetu tarakimu za 31542 zina jumla ya 15, na za 60273 zina jumla ya 18. Mfumbuzi aliyekisia nyongeza kimakosa kuwa 48078 angepata 31541, yenye jumla ya 14, akajua mara moja kwamba amekosea. Kilichowekwa kumlinda mpokeaji kikawa kipimo cha adui.

Ufundi huu ulihitaji kitu kimoja kwa wingi: jumbe. Hapo Mombasa ilikuwa na shida kubwa. Ilikuwa mbali mno na uwanja wa vita wa Pasifiki, na ni mawimbi yenye nguvu tu yaliyosikika vizuri. Mengine yalifika yamekatikakatika au hayakufika kabisa. Mwishoni mwa Mei 1942, siku chache kabla ya mapigano ya Midway, Wajapani walibadilisha vitabu vyao. Wamarekani, waliokuwa na watu wengi na jumbe nyingi zaidi, walikuwa na nafasi nzuri ya kuanza upya. Kilindini ilibaki nyuma. Haifai kukiandikia kituo hiki ushindi wa Midway, kama wengine wanavyopenda kufanya.

JN-40: kosa la mwandishi mmoja

Sifa ya kweli ya Kilindini ilitoka upande ambao wengi waliudharau, yaani meli za biashara. Meli za Japani za mizigo, mafuta na askari zilitumia msimbo wao, JN-40. Kwa muda wafumbuzi walidhani unafanana na JN-25, kitabu pamoja na nyongeza, wakaushughulikia hivyo bila kupata kitu.

Mwezi Septemba 1942 mwandishi mmoja wa Kijapani alifanya kosa. Alituma ujumbe kuhusu meli akasahau kutaja mahali ilipo. Badala ya kutuma mahali peke yake katika ujumbe mwingine, aliuandika ujumbe wote upya kwa ufunguo uleule, safari hii akiongeza kilichosahauliwa. Wafumbuzi wawili wa Kilindini, John MacInnes na Brian Townend, wakawa na jumbe mbili mikononi zilizofanana kila kitu isipokuwa kipande kimoja. Walipozilinganisha, jinsi tarakimu zilivyosogea iliwaonyesha kwamba hapakuwa na nyongeza yoyote. Tarakimu zilikuwa zimepanguliwa.

Msimbo ulifanya kazi kwa hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa jedwali la namba 100 za tarakimu mbilimbili. Kijapani kina mwandiko wa silabi, na aliyefundishwa kusoma kwa "ba, be, bi, bo, bu" ataelewa haraka: silabi moja, alama moja. Tuige kwa neno la kwetu. Tuseme jedwali linasema KI ni 47, LI ni 20, NDI ni 81 na NI ni 63. Kilindini inakuwa 47208163. Hatua ya pili, tarakimu huandikwa kwa mistari chini ya ufunguo, tuseme 3-1-4-2:

3 1 4 2
4 7 2 0
8 1 6 3

Kisha husomwa kwa safu kutoka juu kwenda chini, kuanzia safu ya 1, halafu ya 2, ya 3 na ya 4. Matokeo ni 71034826. Tazama 47 ya KI: 7 imekuwa ya kwanza na 4 imekwenda nafasi ya tano. Silabi imepasuliwa nusu mbili, na kila nusu imetupwa kwake. Mtu anayehesabu namba zinazojirudia hapati kitu, kwa sababu jozi zote zimevunjwa. Ujumbe halisi ulikuwa mrefu na ufunguo ulikuwa na safu nyingi zaidi ya nne.

Akishajua kwamba ni mpangilio wa safu, mfumbuzi anaweza kujaribu kuziweka safu kando kwa kando mpaka jozi zianze kujirudia kama lugha inavyojirudia. Kufikia Novemba 1942 Kilindini iliweza kuzisoma jumbe zote za JN-40 zilizokuwa zimehifadhiwa, na mpya zilisomwa jinsi zilivyoingia. Katika wiki mbili zilizofuata misimbo mingine miwili, JN-167 na JN-152, ikafumbuliwa pia.

Maana yake ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Msafara wa meli za biashara ulitangaza mapema unatoka wapi, unakwenda wapi, na saa sita mchana utakuwa wapi. Mwenye kuzisoma habari hizo aliweza kuiweka nyambizi njiani na kungoja. Japani ni nchi ya visiwa isiyo na mafuta yake ya kutosha, na jeshi lake la Burma lilihitaji askari na vyakula vilivyopita baharini. Kufikia 1945 sehemu kubwa ya meli zake za biashara ilikuwa chini ya bahari, nyingi zikiwa zimezamishwa na nyambizi za Marekani. Na waliopigana na jeshi hilo la Burma mwaka 1944 walikuwa pamoja na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Yule mwandishi aliyesahau kutaja mahali ilipo meli yake aliwasaidia bila kuwajua.

Watu wa kituo

Wafumbuzi wenye uzoefu walikuwa wachache, na waliojua Kijapani walikuwa wachache zaidi. Kuanzia Februari 1942 nahodha mstaafu Oswald Tuck alifundisha kozi ya miezi sita mjini Bedford, Uingereza. Wataalamu wa lugha walisema muda huo hautoshi. Wanafunzi wake walichaguliwa kutoka vyuo vikuu, wengi wao wakiwa wamesoma Kilatini na Kigiriki, na hawakufundishwa Kijapani cha mazungumzo bali cha karatasi za kijeshi. Baadhi yao, akiwemo Hugh Denham, waliletwa Mombasa. Mwalimu yeyote anaweza kuona siri ya mafanikio ya Tuck: alijua wanafunzi wake watatumia nini, akafundisha hicho tu.

Kufungwa na baada yake

Bahari ya Hindi ilipotulia kidogo, ilionekana hakuna faida ya kukaa mahali ambapo mawimbi hayasikiki. Kuanzia Agosti 1943 wafumbuzi walirudishwa Ceylon, kwenye kituo kipya kilichoitwa Anderson karibu na Colombo, ambacho kiliendelea hadi mwisho wa vita.

Mapema Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Mombasa katika msafara kwenda Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na pia walikuwemo wauguzi na askari wanawake wa jeshi la majini. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wanawake 77. Msimbo kufumbuliwa hakukuwa na maana ya kuiona kila nyambizi, na ile haikuonekana.

Manowari Paladin na Petard ziliiwinda I-27 na kuizamisha, lakini kwanza zilidondosha mabomu ya kina mahali ambapo manusura walikuwa bado wanaelea majini. Petard hiyohiyo ina nafasi yake katika habari ya Enigma. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Mediteranea, mabaharia wake watatu walipanda nyambizi ya Wajerumani U-559 iliyokuwa inazama wakatoa vitabu vya msimbo. Wawili, Anthony Fasson na Colin Grazier, walizama nayo. Kwa vitabu hivyo Bletchley Park iliweza tena kusoma mawasiliano ya nyambizi za Atlantiki, baada ya miezi kumi ya giza.

Wafumbuzi wa Kilindini waliapishwa wasiseme, na hawakusema. Habari za ufumbuzi wa misimbo ya Wajerumani zilianza kutolewa wazi mwaka 1974. Shule ilirudishiwa wanafunzi wake.